Mama mkwe ananusa, mimi nasoma tarehe

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa na hasira kidogo na aibu nyingi, kwa hiyo univumilie. Nina mimba ya miezi mitano, na tangu mwezi uliopita mama mkwe yuko nasi nyumbani kunisaidia. Ni mtu mwema, sina la kumsema. Ila jikoni hatuelewani, na kisa ni nyama.

Mimi nasoma tarehe kwenye pakiti. Ikipita, natupa. Yeye hata miwani havai ili aisome. Anaichukua nyama, anaibonyeza kwa kidole gumba, anaisogeza puani, anafumba macho, kisha anatoa hukumu. Akisema "iko sawa", basi kesi imefungwa. Nikitupa kitu hanigombezi, anasimama tu kulitazama pipa kama mtu aliyefika msibani. Mume wangu naye badala ya kukaa kimya akatia neno lake: "Nyama haijui kalenda." Siku hizi hilo ndilo neno la nyumba nzima.

Jumapili iliyopita mambo yakafika pabaya. Kwenye friji kulikuwa na vitu vitatu.

Cha kwanza ni pande la nyama ya ng'ombe lisilo na mfupa, lile linalouzwa limefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa mpaka ikagandamana na nyama. Nililinunua mwenyewe wiki mbili nyuma, nikaenda nalo moja kwa moja nyumbani, nikaliweka ndani kabisa ya friji. Limeandikwa "bora kabla ya" Jumamosi. Nilipolifungua Jumapili nikashtuka: rangi ya zambarau inayoelekea weusi, na harufu fulani ya uchachu ikanipiga. Mama mkwe akasema, "Iache ipumue kwanza." Sikumsikiliza. Pipani.

Cha pili ni trei ya nyama ya kusaga aliyonunua mume wangu Jumatano. "Tumia kabla ya" Ijumaa, yaani siku mbili zimeshapita. Mama mkwe akanusa, akasema haina neno. Nami kusema kweli, kwa jinsi ilivyokuwa nyekundu juu na haina harufu yoyote, na kwa kuwa nilikuwa nimeshatupa ile nyingine, nikanyamaza. Tukaipika, ikaiva vizuri, tukala saa saba mchana. Mimi nilikula kidogo. Ni baadaye tu ndipo nikasikia kwamba ile Jumatano mume wangu alipitia kwa rafiki yake, na mfuko ukabaki ndani ya gari kwa muda wa saa tatu, tena jua lilikuwa kali.

Cha tatu ni kuku mzima, alikuwa kwenye mfuko huohuo. Tarehe yake Jumamosi. Ngozi ilikuwa inateleza, na ukimsogelea kuna kiharufu. Mama mkwe akamwosha kwa maji na siki kwenye sinki, harufu ikaisha, akamtia kwenye friza. Bado yumo.

Sasa sikia. Sufuria ya nyama ya kusaga ilibaki jikoni mchana kutwa. Saa nne usiku mume wangu akajipakulia tena, akaipasha kidogo tu. Saa kumi na mbili asubuhi tumbo likaanza kumkata, akaharisha mpaka mchana. Hakutapika, homa hakuwa nayo, na kesho yake alikuwa mzima. Mimi nasema ni ile tarehe. Mama mkwe anasema, "Mbona sisi wawili hatukuumwa? Si tumekula sufuria moja?" Na hapo sina jibu.

Mama, ni nani kati yetu mwenye haki? Yule kuku nimfanye nini? Mwanangu aliye tumboni yuko salama? Na huyu mama mkwe nitaongea naye vipi bila kumvunjia heshima?

Asomaye Tarehe

---

Marahaba, mwanangu. Pole na mimba, na pole na siasa za jikoni.

Nianze na la mtoto, maana najua ndilo linalokuamsha usiku. Umesema nyama iliiva vizuri, ukala mchana uleule ilipotoka motoni, tena kidogo. Hapo uko upande mzuri. Kijidudu kinachowafanya wahudumu wa kliniki wawasisitizie wajawazito habari za chakula kinaitwa Listeria, na moto hukiua: nyama ikifika nyuzi 70 za Selsiasi katikati, habari yake imekwisha. Ubaya wake uko kwingine. Wenzake wengi wakiingia kwenye friji husinzia. Chenyewe huendelea kuzaana humohumo, polepole lakini bila kuchoka. Mjamzito hupatwa nacho kwa urahisi mara 10 hivi kuliko watu wengine, na anaweza asihisi zaidi ya homa na mwili kuuma kama mwenye mafua, kumbe anayeumia ni mtoto. Ndiyo maana mimi nisingekuhofia sana kwa nyama unayokwenda kuichemsha. Ningekuhofia kwa ile inayoliwa baridi kama ilivyotoka kwenye pakiti, soseji na nyama za vipande vyembamba zilizokwisha kupikwa kiwandani. Afrika Kusini, kati ya mwaka 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 walithibitika kuugua Listeria na zaidi ya 200 wakafariki, na kundi kubwa kati ya wagonjwa lilikuwa la watoto wachanga. Chanzo kilikuwa nyama za aina hiyo.

Kwa hiyo kula, lala, endelea na maisha. Lakini ukipata homa wiki hizi zijazo, hata ndogo, usijitibu nyumbani na usisubiri iishe. Nenda kliniki, sema una mimba, na simulia ulichokula kama ulivyonisimulia mimi. Ugonjwa huo unaweza kuchelewa wiki kadhaa kabla haujajitokeza, ndiyo maana nasema wiki na siyo siku.

Sasa tuje kwenye friji. Barua yako nimeisoma mara mbili, na unisamehe, mara ya pili nilicheka. Kati ya vitu vitatu, ulichokitupa ndicho kilichokuwa kizima.

Nyama hupata rangi yake kwa kitu kiitwacho mayoglobini, na kitu hicho hubadilika kulingana na hewa inayokifikia. Kikikosa oksijeni kabisa huwa cha zambarau. Kikipata oksijeni, baada ya dakika chache huwa chekundu cha kupendeza. Kikikaa zaidi huwa cha kahawia. Pande lako lilikuwa limebanwa lisipate hewa hata kidogo, lingekuwaje jekundu? Ile harufu nayo ni kawaida ya nyama iliyofungwa namna hiyo: kuna vijidudu vya uchachu, jamaa za wale wanaogandisha maziwa, ambao huishi bila hewa na kuacha harufu ndani ya plastiki. Ukiifungua nyama, ukaiweka kwenye sahani, ukaiacha robo saa hivi, ikiwa ni nzima harufu hupotea na rangi huanza kuwaka. Harufu ikibaki, au ikizidi, hapo ndipo unaitupa. Mama mkwe alikwambia "iache ipumue". Mwanangu, wako wauza nyama wasiojua hilo.

Nyama ya ng'ombe iliyofungwa hivyo ikakaa kwenye baridi ya kweli hudumu wiki kadhaa. Tena iliandikwa "bora kabla ya". Maneno hayo yanazungumzia ladha na ubora, kwamba kuanzia siku hiyo mwenye kiwanda hajivunii tena bidhaa yake. "Tumia kabla ya" ndiyo maneno ya usalama, na Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hutofautisha hayo mawili kisheria. Kwingine mambo ni shaghalabaghala: Marekani sheria ya taifa hailazimishi nyama kuandikwa tarehe kabisa, kinacholazimishwa ni maziwa ya unga ya watoto wachanga tu. Na ukikuta "uza kabla ya", hayo ni mawasiliano ya mwenye duka na rafu zake, hayakuhusu. Kwa hiyo usisome namba peke yake. Soma neno lililo mbele ya namba.

Kuna kitu kimoja tu ambacho kingenifanya nikupe haki ya kulitupa lile pande hapohapo, bila kuliacha lipumue: kama plastiki ingekuwa imevimba kama mpira. Hapo ndani kuna kitu kinachotoa gesi, na hapo hata kunusa sitaki unuse.

Nyama ya kusaga sasa. Hii ndiyo mliyopatana nayo, na ndiyo niliyoiogopa nilipoisoma.

Ulidanganywa na wekundu. Sehemu ya juu ya trei hugusana na hewa, kwa hiyo hubaki nyekundu. Ungeifukua kidogo ungekuta katikati ni ya kahawia, na huo ukahawia nao siyo ushahidi wa kuoza, ni hewa kufika huko kwa uhaba tu. Kuna na pakiti ambazo hutiwa gesi maalumu ili nyama ibaki na rangi. Marekani wanaruhusu hata kaboni monoksaidi kidogo kwa kazi hiyo, Ulaya wameikataza, na sababu mojawapo ni hiyohiyo, kwamba nyama inaweza kuzeeka huku uso wake ukiwa wa kijana. Rangi ni shahidi wa kuhongwa. Usimtegemee kwa wekundu wala kwa ukahawia.

Lakini hapa ndipo pua ya mama mkwe ilipofika mwisho wa kazi yake, na naomba ulielewe vizuri ili uweze kumweleza. Nyama ina makundi mawili ya vijidudu. Kundi la kwanza ni waharibifu: ndio wanaoleta uvundo, utelezi, na ladha ya kukunja uso. Wanajitangaza. Wakifika milioni 10 hivi kwenye eneo la sentimita moja ya mraba pua inawasikia, na wengi wao hata ukiwala hawakufanyi kitu kikubwa zaidi ya kichefuchefu. Kundi la pili ndilo la Salmonella, E. koli wale wabaya, Campylobacter, na wenzao. Hawa hawana harufu. Hawatelezi. Hawabadilishi rangi. Nyama inaweza kuwa nao kiasi cha kumlaza mtu hospitali na bado ikanukia kama imetoka kuchinjwa. Kwa hiyo pua inapokwambia "mbaya", iamini mara moja. Inapokwambia "nzuri", imekujibu swali ambalo hukuliuliza.

Mama mkwe alifundishwa kunusa wakati ambapo nyama ilichinjwa alfajiri ikawa sufuriani adhuhuri. Kwa nyama ya namna ile pua ilitosha, maana vijidudu havikupewa muda. Ya kwenu ilikatwa na kusagwa kiwandani, ikasafiri, ikakaa dukani, ikakaa kwenye gari, ikakaa kwenye friji siku nne. Na kusagwa kwenyewe ni jambo: kwenye pande zima vijidudu huwa juu juu, na moto wa juu huwamaliza, ukisaga, kilichokuwa nje unakichanganya mpaka katikati, na nyama za ng'ombe kadhaa huenda zikakutana kwenye trei moja. Mwaka 1993 huko Marekani baga za nyama ya kusaga zisizoiva ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, watoto wanne wakafa. Ndiyo sababu nyama ya kusaga, pamoja na kuku na maini, huwa naipa siku moja au mbili tu kwenye friji, wakati pande zima la ng'ombe au mbuzi, lisilofungwa kwa kunyonywa hewa, naliachia siku tatu mpaka tano.

Halafu lile gari. Mume wako amesema nyama haijui kalenda. Ni kweli kabisa. Inajua saa. Kwenye joto wanalolipenda, vijidudu hawa hujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa saa moja ni 8. Saa mbili, 64. Saa tatu, 512. Na gari lililofungwa juani huwa na joto kuliko nje. Kanuni inayotumika ni saa mbili nje ya baridi, na kama joto limepita nyuzi 32, saa moja basi. Tarehe iliyoandikwa kwenye trei ilihesabiwa kwa kudhani kwamba nyama haitatoka kwenye baridi hata siku moja na pakiti haitafunguliwa. Pale kwa rafiki yake tarehe ile iliisha hapohapo, Jumatano jioni, wino haujui. Kwa hiyo ile nyama ungeitupa, siyo kwa sababu ya Ijumaa peke yake, bali kwa sababu ya gari. Na usiseme "lakini tuliipika". Wapo vijidudu, mmoja anaitwa Stafilokoka, ambao wakishazaana huacha sumu isiyoondoka hata kwa kuchemsha. Unamuua aliyeitengeneza, sumu inabaki sufuriani.

Je, ndiyo iliyomuumiza mume wako? Sidhani.

Mama mkwe aliuliza swali zuri sana: mbona sisi hatukuumwa? Mmekula sufuria moja, ndiyo, lakini hamkula saa moja. Ninyi mlikula saa saba mchana ikitoka moto. Yeye alikula saa nne usiku, sufuria ikiwa imekaa saa tisa juu ya jiko lililozimwa. Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens ambacho kikipikwa hujifunga ndani ya kitu kama mbegu ngumu, kikavumilia mchemko. Chakula kinapopoa taratibu kwenye sufuria kubwa, kikifika uvuguvugu wa nyuzi 45 hivi, mbegu zinaamka na kuzaana kwa kasi ya ajabu, na wenzao wote wa kushindana nao wamekwisha kufa kwa moto. Unapasha kidogo, hufiki nyuzi 74, unawameza hai. Saa 6 mpaka 24 baadaye tumbo linakata, unaharisha, mara nyingi bila homa wala kutapika, na ndani ya siku moja yamekwisha. Hebu linganisha na ulivyoniandikia. Bila maabara siwezi kuapa, lakini kama ningetakiwa kuweka dau ningeliweka kwenye sufuria.

Nina sababu ya kulijua hili. Zamani kidogo niliwahi kupikia wageni kumi na wanne. Nilipika usiku ili asubuhi nisihangaike, nyama nzuri, tarehe yake ilikuwa bado ina siku mbili. Nikaiacha kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko, na kwa uhodari wangu nikaizungushia blanketi ili isipoe. Asubuhi nilipofunua mvuke mdogo bado ulikuwepo, nikajisifu. Harufu ilikuwa ya kumwamsha mgonjwa. Kufikia usiku wageni tisa walikuwa wanapokezana mlango wa choo, na mmoja wao, mtu wa heshima zake, mpaka leo akija kwangu hunywa chai tu.

Kwa hiyo chakula kilichobaki kitoe kwenye sufuria, kigawanye kwenye vyombo vifupi na vipana ili kipoe haraka, na kabla ya saa mbili kupita kiwe kwenye friji. Usiogope kukiingiza kikiwa na uvuguvugu, friji haitalia. Humo kina siku tatu au nne. Ukikipasha kipashe mpaka kitoe mapovu kotekote, siyo mpaka kijiko kiwe cha moto.

Kuku mtupe. Leo. Utelezi ule ni tabaka la vijidudu wenyewe na ute wanaojizungushia. Hauwi utelezi wa kuhisi kidoleni mpaka wawe takriban milioni 100 kwenye sentimita moja ya mraba. Siki ilifuta harufu, yaani ilimnyamazisha shahidi pekee aliyekuwa anasema kweli. Na friza haiui. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kila kitu kinalala, na ukiyeyusha barafu kinaamka palepale kilipolalia. Ukitaka friza ikusaidie, mwingize kuku siku uliyomnunua, akiwa bado mzima na tarehe haijafika. Hapo hata miezi kadhaa haina shida, atapoteza ladha tu. Na akitoka humo ayeyukie ndani ya friji kwenye bakuli, siyo juu ya meza usiku kucha.

Halafu hilo la kumwosha kwenye sinki. Najua nagusa pabaya, wengi wetu tumelelewa tukiamini kuku asiyeoshwa ni uchafu. Lakini maji ya bomba hayaondoi vijidudu kwenye ngozi, yanawarusha. Wanatua kwenye sinki, kwenye bomba, kwenye vikombe vilivyokauka, kwenye mboga unayokwenda kuila mbichi. Kama bado hujafanya hivyo, sugua sinki na mpini wa bomba kwa maji ya moto na sabuni, kisha dawa ya klorini. Kama kuku ana kitu cha kufuta, mfute kwa karatasi ya jikoni na karatasi itupwe.

Nimekuona unataka kuniuliza: sasa bila tarehe na bila pua nitaamua vipi? Mimi nikisimama mbele ya friji najiuliza nyama hii imepita wapi. Ilinunuliwa lini, ilichukua muda gani njiani, ilifunguliwa lini, ni ya kusagwa au pande zima, na nani atakula. Pande zima la "bora kabla ya" ya juzi, halijatoka kwenye baridi, watu wazima wenye afya: nanusa, napika, sina wasiwasi. Ya kusaga iliyopita "tumia kabla ya" hata kwa siku moja, kwa nyumba yenye mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano au mzee: sinusi hata kunusa. Na ikiwa hakuna anayekumbuka ilipita wapi, hilo nalo ni jibu.

Mume wako akipatwa tena, mwache anywe maji kwa wingi na ya chumvi na sukari, ila aende hospitali akiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika mpaka maji hayakai, mkojo kuwa haba, au siku tatu zikipita bado anaharisha. Na akinunua nyama siku nyingine, iwe kitu cha mwisho kuingia kwenye mfuko na kitu cha kwanza kutoka. Au ashuke nayo kwa huyo rafiki, aombe nafasi kwenye friji. Rafiki atakayekunyima friji si rafiki.

Limebaki la mama mkwe. Usiende kwake na barua hii mkononi ukimsomea, itakuwa ni kumshtaki. Anza kwa kumwomba radhi ya kweli kwa lile pande la ng'ombe, maana alikuwa sahihi na wewe ulikuwa umekosea, na mkwe aliyekubaliwa moja husikiliza la pili. Mwambie pua yake unaitaka iendelee kukagua, na ikikataa kitu hutabishana nayo. Kisha mwambie habari ya gari. Nina hakika mtu wa kwanza atakayegombezwa hatakuwa wewe, atakuwa mwanawe.

Na nunua kipimajoto kidogo cha friji. Kitumbukize kwenye glasi ya maji, kiweke rafu ya katikati, siyo mlangoni ambako joto hupanda kila mkifungua, mkisome asubuhi. Kisizidi nyuzi 4. Friji nyingi za nyumbani zinazosifiwa kuwa baridi zikipimwa hukutwa kwenye 7 au 8, na hapo hesabu zote nilizokupa zinafupika. Kazi ya kukisoma kila asubuhi mpe mama mkwe. Namba zake ni ndogo sana, itabidi avae miwani.